Mkwe Wangu Alinipa Mgongo Majini

Nashukuru nina pumzi ya kuwasalimia. Mwangaluka, wenzangu wa siku ya presha. Mlionizidi umri, shikamooni. Muuguzi ameniomba nizungumze nanyi wakati mkisubiri kupimwa, kwa sababu ameisoma kadi yangu na anajua kilichonipata. Mimi si mtu wa kuhubiri. Nauza mchele hapa Kanyenye, na kwaya ya Moraviani nasimama mstari wa nyuma. Lakini hili nitalisema, maana lilinipata kwa ujinga wangu mwenyewe, na sitaki limpate mwingine.

Mnaniita Mama Rahel. Nina miaka sitini na sita. Nilizaliwa Ziba, nikaolewa hapa Tabora mjini, mume wangu akatangulia, nikabaki na binti mmoja, huyo Rahel. Presha yangu iligunduliwa kwenye kliniki hii hii. Nikapewa dawa mbili, moja ya presha yenyewe na nyingine ile ndogo nyeupe ya asubuhi ambayo sote hapa tunaiita dawa ya maji. Mnacheka kwa sababu mnaijua. Ukiinywa, asubuhi nzima wewe na choo hamwachani.

Rahel ameolewa na mwalimu wa sekondari, mtu wa Igunga, na wanaishi Bagamoyo. Sasa kwetu sisi mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Akikuona njiani anaacha njia. Hamli sahani moja, hamshikani mikono, na jina lake hulitamki. Najua mjini hapa wengi wameacha, wanakumbatiana na wakwe zao stendi mchana kweupe. Sisi hatukuacha. Mimi nililelewa hivyo Ziba, yeye alilelewa hivyo Igunga, na kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza kuvunja. Miaka minne nilizungumza naye kupitia kwa binti yangu. "Mwambie mwenzako chakula kipo." Naye anajibu, "Mwambie Mama nashukuru." Na wote watatu tuko chumba kimoja.

Walikuwa hawajapata mtoto, kwa hiyo hata lile jina la Baba Fulani la kumwitia sikuwa nalo. Jina lake nitawatajia tukifika pale nilipolitaja mara ya kwanza.

Mwaka jana Rahel akapata mimba, akaniita nikakae naye kidogo. Nilifurahi mara mbili. Kwanza mjukuu. Pili bahari. Babu wa babu yangu alitoka hapa Tabora na mzigo kichwani, akatembea mpaka Bagamoyo, akayaona maji ya chumvi, akarudi kuyasimulia. Ukoo mzima ulirithi masimulizi, na hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha. Nikasema acha niende mimi.

Safari ya basi ni ndefu, mnaijua. Asubuhi ya safari sikunywa dawa ya maji. Nani atalisimamisha basi kila baada ya kilomita kumi kwa ajili ya mwanamke mmoja? Nikasema nitainywa nikifika. Niliposhuka, miguu ilikuwa imejaa mpaka viatu vikakataa, nikaingia nyumbani kwa mwanangu nimevishika mkononi.

Na hapo ndipo aibu ilipoanza kazi yake. Nyumba yao ni nzuri, lakini choo kimoja, na mlango wake unafungukia sebuleni. Shule zilikuwa zimefungwa, mkwe wangu anashinda pale sebuleni akisahihisha mitihani. Yaani kila nikibanwa, nipite mbele yake. Siku ya kwanza nilipita mara moja, akainuka mbio akatoka nje mpaka nilipomaliza. Mkwe mwenye adabu kweli! Nikajiuliza, nikinywa ile dawa, huyu kijana atatoka nje mara ngapi kwa asubuhi moja? Atajua kila nikojoapo. Nikaifunga kwenye kona ya kitenge, nikaificha chini ya sanduku. Siku ya pili sikunywa. Ya tatu sikunywa. Hata maji ya kunywa nikapunguza. Ile ya presha niliendelea nayo, nikajidanganya kwamba inatosha.

Mwili uliniambia. Nikipanda ngazi tatu za barazani kwao, nasimama. Usiku nikilala chali nakosa hewa, nikaomba mto wa pili, nikasema shingo inauma. Nikibonyeza muundi kwa kidole, shimo linabaki. Yote hayo muuguzi wetu alikuwa ametufundisha hapa hapa, na nilikuwa nimekaa benchi la mbele.

Siku ya sita, Jumamosi, Rahel akasema, "Mama, leo tunakupeleka ukaone samaki." Mkwe wangu alikuwa amekodi nafasi kwenye boti ya injini. Mnapelekwa mbali na pwani, mahali mchanga umejitokeza katikati ya bahari, na pembeni yake kuna matumbawe. Mnavaa miwani inayofunika macho na pua, mnauma mrija mdomoni, ncha yake inabaki juu ya maji, mnalala kifudifudi juu juu mkiwatazama samaki. Huhitaji kujua kuogelea, unavalishwa jaketi linaloelea. Wazungu wazee kuliko mimi wanafanya. Nikasema na mimi nitafanya.

Mpango ulikuwa niingie majini na Rahel. Lakini mimba na mawimbi havielewani. Alitapika njia nzima, na tulipofika alijilaza mchangani chini ya mwavuli, uso umempauka. Akasema, "Mama, nenda na mwenzangu. Usiache kwa ajili yangu." Wageni wengine wawili walikuwa wao kwa wao. Nikabaki mimi na mkwe.

Kiongozi wetu aliitwa Shomari, kijana wa pale pale, mpole, lakini kwa kazi yake hana mchezo. Alitusimamisha wote akauliza, "Kabla hamjaingia. Kuna mwenye presha? Moyo? Pumu? Kisukari? Kuna aliyeacha dawa? Semeni tu, si aibu." Akaniangalia mimi moja kwa moja, maana mimi ndiye niliyekuwa mzee. Na mkwe wangu amesimama hatua mbili kutoka kwangu, macho chini, anasikia kila neno.

Nikasema, "Mimi ni mzima, mwanangu."

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali zote mbili nilizijua tangu utotoni, na zote mbili hazikunisaidia kitu.

Shomari akanitazama mavazi. Nilikuwa nimevaa suruali pana ya Rahel, blauzi, kitenge kimoja kiunoni, na kingine nimekifunga kifuani, nikakikaza fundo mara mbili ili maji yasije yakanivua mbele ya mkwe. Jaketi likaja juu ya hayo yote. Akasema, "Mama, hilo fundo la kifuani lilegeze. Utahitaji kupumua." Nikamwambia liko sawa. Akasema tena, akiwatazama wote, "Kaeni wawili wawili. Kila mmoja amwangalie mwenzake wakati wote. Mtu anayezama hapigi kelele. Usipomwona, hutamsikia." Kisha akaenda na wale wageni upande wa pili wa matumbawe, maana mmoja wao alikuwa mwoga kunizidi.

Dakika za kwanza sitadanganya, nilifurahi. Maji yalinifika kiunoni, ya vuguvugu. Nikauma mrija, nikainamisha uso. Jamani! Samaki wa njano wenye mistari myeusi walikuwa wakipita chini ya tumbo langu bila habari na mimi. Nikacheka ndani ya mrija. Nikasahau miguu, nikasahau mito miwili, nikamkumbuka yule babu nikamwambia moyoni, mzee, haya hukuyaona. Nikapiga miguu kidogo, nikasogea. Nikapiga tena.

Kisha pumzi ikawa fupi.

Mwanzoni nilidhani ni furaha. Nikavuta hewa kwenye mrija, ikaja kidogo, kama mtu anayefyonza uji mzito. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Ikaja kidogo zaidi. Moyo ukaanza kunipiga mpaka kooni. Lile fundo la kitenge likawa linanibana, kila nikijaza kifua kinagota. Nikasikia ndani ya kifua changu sauti ya mchemko, na mdomoni ladha ya chuma. Nikashusha mguu nitafute mchanga. Mchanga haukuwepo.

Nataka mlielewe hili vizuri. Bahari ilikuwa imetulia. Jaketi lilinishikilia juu. Mrija ulikuwa mkavu, sikumeza hata tone. Nilikuwa nazama na kichwa kiko juu ya maji. Mtu aliyekuwa akinitazama kwa mbali angesema bibi yule anafaidi samaki wake.

Nikautema mrija. Nikavua miwani. Nikadhani sasa hewa itaingia, hewa yote ile ya Mungu imejaa baharini, lakini haikuingia. Mikono ikawa mizito. Miguu nikaiambia ipige, haikunisikia. Hofu niliyoipata siwezi kuwaelezea. Nimezaa, nimezika mume, nimekabwa na mashemeji kwa maneno usiku wa mazishi, lakini sijawahi kuogopa hivyo. Ilikuwa hofu ya mnyama. Sikumkumbuka Mungu wala mwanangu. Nilitaka hewa tu.

Nikageuza shingo, nikamwona mkwe wangu. Alikuwa hatua tano au sita kutoka kwangu, amesimama mahali maji yanamfika kifuani. Amenipa mgongo.

Alinigeuzia mgongo tangu nilipoingia majini, kwa sababu nguo zililowa zikanishika mwilini, na yeye ni mtu wa heshima. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alikuwa ananisikiliza. Alisikiliza miguu yangu ikipiga maji, na ilipokaa kimya akadhani nimepumzika.

Nikamwita Rahel. Sauti haikutoka. Nikataka kusema kama ninavyosema siku zote, "Mwambie mwenzako," lakini wa kumwambia hakuwepo, alikuwa mchangani kwa mbali amejifunika uso. Na hapa nawaungamia jambo la ajabu. Nilikuwa nakufa, na bado nilikuwa nafikiria kama inafaa. Nilijiuliza kwa kweli kama nikimwita jina lake itakuwaje, atanionaje, na wa Igunga watasemaje. Mtu ana pumzi mbili zimebaki na moja anaitumia kufikiria aibu!

Nikaita, "Masanja!"

Ilitoka kama kikohozi. Lakini aliisikia, kwa sababu hakuwahi kuisikia kutoka kinywani mwangu. Akageuka haraka. Na papo hapo, kwa mazoea, akashusha macho. "Mama?" akasema, akiwa anayatazama maji yaliyo mbele ya kifua chake.

Nikajisemea, huyu mtoto ataniacha nife kwa adabu.

"Masanja," nikasema, "nakufa."

Ndipo akainua uso akanitazama. Niliona alichokiona kwa jinsi sura yake ilivyobadilika. Midomo yangu ilikuwa rangi ya majivu. Alijirusha. Mtu wa Igunga aliyejifunzia kuogelea kwenye lambo la ng'ombe, alinifikia kabla sijahesabu hata mbili, akanigeuza chali, akanishika kwapani, akaanza kurudi nyuma na mimi huku anapiga kelele, "Shomari! Shomari! Mama anakufa!"

Boti ikaja. Walinivuta kwa mikono na kwa jaketi, nikaanguka ndani kama gunia. Nilitaka kukaa, walitaka kunilaza. Walipojaribu kunilaza nikahisi nafunikwa, nikampiga mtu ngumi, sijui nani. Shomari akasema, "Msimlaze! Mkalisheni! Wewe kaa nyuma yake akuegemee." Masanja akakaa sakafuni mwa boti, akanivuta, mgongo wangu ukalala kifuani pake. Boti ikapita mchangani, Rahel akapandishwa, akapiga magoti mbele yangu analia. Nikakohoa, likatoka povu la rangi ya waridi, likanitiririka kidevuni. Rahel alipoliona akapiga yowe.

Shomari alikuwa kwenye usukani, boti inakimbia. Akakitupa nyuma kisu chake cha kukatia kamba. "Kata hilo fundo la kifuani!"

Masanja akakiokota. Akasema, "Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

Rahel akanyoosha mkono akitaka kisu, boti ikaruka, akaanguka upande, akaanza kutapika.

"Basi utamzika na fundo lake!" akajibu Shomari, bila hata kugeuka.

Masanja akalifungua jaketi, akakata. Kitenge kikaachia, blauzi nayo ikapasuka. Mimi mama wa Kanyenye, mwimbaji wa kwaya, kifua wazi mbele ya mkwe wangu. Hewa ikaingia kidogo. Kidogo tu, lakini ikaingia. Na mara ile ile nikajikojolea. Sana. Mkojo wa moto, kwenye mapaja ya Masanja, yote niliyoyaficha siku sita. Nilisikia unavyomlowesha na nikashindwa kuuzuia. Hakusogea. Alinibana tu asije akaniachia kila boti ilipogonga wimbi, akawa anasema sikioni kwangu, "Vuta, Mama. Toa. Vuta. Toa." Njia nzima mpaka ufukweni.

Hospitalini wakaniwekea oksijeni usoni. Daktari alikuwa mama wa makamo, hana maneno mengi. Akamuuliza Masanja, "Alimeza maji mengi?"

"Sikuona, Dokta. Nilikuwa nimempa mgongo."

"Uliambiwa umwangalie, ukampa mgongo? Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Daktari akamwacha hapo. Akanigeukia mimi. "Mama, una presha?" Rahel akajibu kwamba ninayo. "Dawa unakunywa zote?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mnaona? Nimetoka kufufuka, povu halijakauka kidevuni, na bado nadanganya, kwa sababu Masanja alikuwa amesimama pale pale na suruali yake imelowa mkojo wangu.

Daktari akaniinamia. "Mama, kifua chako kimejaa maji. Nikidhani ni ya bahari nitakutibu hivi, na kama ni yako mwenyewe nitakutibu vile. Nikikosea, jioni hii hatutakuwa na wewe. Sasa niambie."

Nikaisogeza ile barakoa ya oksijeni. Nikasema mbele yao wote, neno moja moja, maana pumzi haikutosha kwa sentensi, "Dawa. Ya maji. Siku. Sita. Niliogopa. Choo."

Rahel akaziba mdomo kwa mkono. Daktari tayari alikuwa ameshaita sindano.

Ilikuwa dawa ile ile ya maji, lakini ya mshipani. Wakaniwekea na mpira wa mkojo. Ule mfuko ulijaa, ukamwagwa, ukajaa tena, na kila ulivyojaa, kifua kilifunguka. Sijawahi kuupenda mkojo kama siku ile. Nilikaa wodini siku tano, tatu za kwanza kwa oksijeni, nikilala nimekaa, naogopa kusinzia. Nilikuwa nikifumba macho naiona ile miwani, nasikia ule mchemko, nashtuka nashika chuma cha kitanda. Mgonjwa wa jirani alilalamika kwamba nampigia kelele.

Baadaye daktari alinieleza kwa lugha ninayoielewa. Alisema mwili ukiingia majini, maji yanaibana miguu, damu na maji yote yaliyokaa miguuni yanasukumwa kuja kifuani. Kijana hajui hata kama imetokea. Lakini mtu mzima mwenye presha, moyo wake unaelemewa. Mimi miguu yangu ilikuwa imejaa siku sita. Juu ya hapo, mrija ni mwembamba, ukivuta hewa kwa nguvu kifua kinanyonya yale maji kutoka kwenye damu kuyaingiza kwenye mapafu. Na juu ya hapo nilijifunga kitenge. "Bahari haikukuingia, Mama," akasema. "Ulikuja nayo." Walinipima moyo kwa ile mashine ya picha, wakakuta umetanuka upande mmoja. Ulikuwa umetanuka hata kabla ya safari, na mimi sikujua.

Masanja hakuingia wodini. Siku zote tano alimleta Rahel mpaka mlangoni, akabaki koridoni. Nilijua kwa viatu vyake, viliishia kizingitini. Rahel akaniambia mwenzake hali, hasemi. Alikuwa amempigia simu mjomba wake Igunga kumweleza kwamba amemshika mama mkwe, amemvua, na mjomba akamwambia ni jambo zito, lazima apeleke kitu cha kufuta aibu. Siku ya mwisho alikuja na vitenge viwili vipya vimefungwa kwenye gazeti. Akaviweka chini, pale mlangoni, akarudi nyuma, macho sakafuni.

Nikamwambia Rahel, "Usimwambie mwenzako kitu. Nitamwambia mwenyewe." Kisha nikaita, "Masanja. Ingia ndani."

Akaingia hatua moja.

"Njoo mpaka hapa. Kaa. Nitazame."

Akaja, akakaa. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Mama, nilikuwa nasikiliza. Naapa nilikuwa nasikiliza." Kisha akalia, mtu mzima, mwalimu, mbele ya wodi nzima. Na mimi nikalia, kwa sababu nilijua kwamba kosa si lake. Tulikosea wote wawili, mimi kwa kuficha na yeye kwa kutotazama, na kila mmoja akidhani anamheshimu mwenzake. Nikamshika mkono. Vile vitenge nilivipokea, sikukataa mila. Lakini nilimwambia, kuanzia siku hiyo heshima yangu anipe kwa kunitazama, akiona nimebadilika rangi aniulize.

Nimepona, ndiyo. Mjukuu amezaliwa, mzima. Natembea mpaka sokoni, nimepunguza chumvi, dawa zangu nakunywa zote. Lakini sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Hadi leo nikiinama kunawa uso kwenye beseni, pumzi inakatika, inabidi nisimame nihesabu. Nikipanda kilima kidogo nikahema, najishika kifua nasikiliza kama kuna ule mchemko. Labda itaniachia, labda haitaniachia. Daktari amesema kuogopa kidogo si kubaya kwa mtu wa umri wangu.

Sasa ninyi wenzangu, sisemi msiende baharini. Watoto wetu wako Dar, wako Tanga, watawaita. Ziwa nalo ni maji, wenye watoto Kigoma na Mwanza msijione mmepona. Nendeni, lakini mpite hapa kwanza mmwulize daktari kama mioyo yenu inaruhusu kulala majini na kuvuta hewa kwa mrija. Ukitoka safari ndefu, pumzika siku kadhaa, miguu ishuke. Ikiwa imejaa, kaa mchangani ule ndizi. Ukiulizwa kama una presha, sema, hata mkwe wako akiwa anasikia, hata mchungaji akiwa anasikia. Usijibane kifua na kitu chochote. Kaa mahali mguu unagusa chini, usifuate samaki, samaki ana kwao. Na pumzi ikianza kuwa fupi, usingoje ya pili. Tema mrija, lala chali, inua mkono, ita, toka. Wengi wanakufa katika ile dakika ya kusema ngoja kidogo itapita. Na anayekusindikiza awe mtu anayekutazama. Asiyeweza kukutazama, mwambie akubebee viatu.

Namshukuru Mungu, namshukuru Shomari kwa lile neno lake la kuzika, namshukuru yule daktari aliyenikatalia uongo wangu.

Naona muuguzi ananionyesha saa, kwa hiyo nakaa chini. Ila wewe dada yangu mwenye khanga ya kijani, pale ukutani, ambaye kabla sijasimama umeninong'oneza kwamba leo hukuinywa ya maji kwa sababu ya basi la kutoka Igunga, na jana hukuinywa kwa sababu ya wageni. Nyoosha miguu yako tuione. Usimtazame mkweo aliyekuleta, nitazame mimi. Si hiyo hapo imejaa, mpaka viatu umeviweka pembeni? Inuka, usingoje zamu, twende kwa muuguzi sasa hivi ukamwambie yote kama ulivyoniambia. Akikupa ya kunywa, kunywa pale pale. Choo kiko nyuma ya jengo hili, ni safi, na mimi nitasimama mlangoni mara zote utakazokwenda.